SHAKA LIBEBWE NA NANI?

Wazee wetu walisema kwamba adhabu ya kaburi aijua maiti. Maneno hayo yafaa kukumbukwa kila mara mtu anaposimama mbele yetu na kusema, "Naumwa," nasi tukamtazama tangu utosini hata nyayoni tusione damu, wala uvimbe, wala kovu. Je, tumwamini? Na ikiwa kumwamini kutatugharimu fedha, je, tumwamini hata hivyo? Juma hili twapenda kulitafakari swali hilo pamoja na wasomaji wetu. Si swali la huruma tu, kama wengi wanavyodhani. Ni swali la haki, na haki ni deni.

Mfano wetu twautoa Marekani. Si kwamba maumivu ya huko ni makali kuliko ya kwetu, bali huko jambo hili limeandikwa katika sheria, likabishaniwa mahakamani kwa miaka mingi, hata mtu aweza kuyaona mawazo ya pande zote mbili kwa uwazi. Ni habari ya askari wa zamani aliyeumia kichwa jeshini, akabaki na maumivu ya kichwa yasiyokwisha, akaomba fidia ya ulemavu, akakataliwa. Je, yampasa kunyamaza, au yampasa kukata rufani?

Tumfikirie askari mmoja. Hatumtaji jina kwa sababu yeye ni mfano tu tuliouunda, lakini walio katika hali yake ni wengi. Mwaka 2005 alikuwa Iraki, katika msafara wa malori. Bomu lililofukiwa kando ya barabara likalipuka karibu na lori lake, kichwa chake kikagonga chuma, na kwa dakika chache hakujua yuko wapi. Masikio yalivuma. Mwenzake akamwuliza, "U mzima?" Akajibu, "Mzima." Jioni kichwa kilimwuma sana, akameza vidonge viwili, na kesho yake akashika zamu kama kawaida. Hakwenda kwa daktari, maana siku ile walikuwako wenzake waliopoteza miguu, naye aliona haya kupanga mstari pamoja nao kwa ajili ya kichwa kinachouma.

Akarudi kwao, akaacha jeshi, akapata kazi katika ghala. Lakini maumivu hayakumwacha. Mara mbili au tatu kwa mwezi hulala katika chumba chenye giza, akitapika, asiweze kuvumilia mwanga wa taa wala sauti za watoto wake mwenyewe. Kwa msimamizi wa kazi husema kwamba ana mafua. Baada ya miaka kumi mke wake akamshurutisha apeleke dai. Majibu yakaja kwa barua: dai limekataliwa. Sababu ni kwamba vitabu vya hospitali ya jeshi havionyeshi kwamba aliwahi kulalamika kichwa, na kwamba siku ya kuondoka jeshini alitia sahihi karatasi inayosema kuwa ni mzima.

Tuitazame sababu hiyo kwa makini, maana ndani yake limefichika jambo zito. Jeshi humfundisha kijana kuvumilia. Humfundisha kwamba anayelalamika kwa jambo dogo huwaongezea wenzake mzigo, na kwamba askari mwema huendelea na kazi. Kijana akalishika fundisho hilo, akasifiwa kwa kulishika. Kisha, miaka mingi baadaye, kimya chake kilekile chaletwa mbele yake na kuitwa ushahidi kwamba hakuumia. Uvumilivu uliomletea sifa jana ndio unaomhukumu leo. Twauliza: je, ni haki kwa mtu kumwamuru mwenzake anyamaze, na baadaye kumnyima chake kwa sababu alinyamaza?

Watu wengine watasema, "Lakini kama aliumia kweli, madaktari wangeona." Hapo hatuna budi kusema wazi jinsi mambo yalivyo. Mtikisiko wa ubongo, ule ambao madaktari huuita jeraha hafifu la ubongo, kwa kawaida hauonekani katika picha za kichwa zinazopigwa kwa mashine za hospitali. Picha hutoka safi, na mtu bado anaumwa. Nalo neno "hafifu" lisitudanganye. Halisemi lolote juu ya ukali wa maumivu yatakayofuata. Lasema tu juu ya hali ya mgonjwa saa ile ya kuumia, kama alipoteza fahamu kwa muda mfupi au mrefu. Tangu mwaka 2000 jeshi la Marekani limeandika zaidi ya majeraha ya ubongo 400,000 miongoni mwa askari wake, na sehemu kubwa sana ya hayo ni ya aina hiyo hafifu. Tena mengi hayakupatikana vitani, bali katika mazoezi, ajali za magari, maporomoko na michezo.

Hata wakuu wa nchi huteleza katika jambo hili. Tarehe 8 Januari 2020 makombora ya Irani yaliipiga kambi ya Al Asad iliyoko Iraki, ambamo walikuwamo askari wa Marekani. Kwanza ikatangazwa kwamba hakuna aliyeumia. Wiki mbili baadaye Rais wa nchi hiyo akasema amesikia kwamba walikuwa na maumivu ya kichwa, na kwamba si jambo zito sana. Baada ya wiki kadhaa za uchunguzi, ikajulikana kwamba askari zaidi ya 100 walikuwa wamepata jeraha la ubongo, na baadhi yao wakapewa nishani ile ambayo Marekani huwapa askari waliojeruhiwa na adui. Kama wangehukumiwa kwa tangazo la siku ya kwanza, wote wangehesabiwa kuwa wazima.

Sasa tuangalie sheria yenyewe. Anayedai fidia kwa Wizara ya Askari wa Zamani yampasa kuonyesha mambo matatu: kwamba ana ulemavu sasa; kwamba jambo fulani lilimpata alipokuwa jeshini; na kwamba hilo la pili ndilo lililozaa la kwanza. Katika jambo hili la tatu ndipo wengi hujikwaa. Lakini sheria haimtaki athibitishe kwa hakika kamili, kama vile mtu anavyothibitishwa kuwa mwizi. Yatosha kwamba uwezekano wa kuwa ndivyo ni sawa na uwezekano wa kuwa sivyo. Sheria yasema kwamba ushahidi wa kumpendelea mdai na ushahidi wa kumpinga ukikaribia kulingana, shaka lile limfae mdai. Mizani ikisimama katikati, askari ndiye ashinde.

Wako wanaoona kwamba huo ni upendeleo. Sisi twaona kwamba ni haki tupu, na sababu zetu ni hizi. Mwenye kumtuma askari vitani ni serikali. Mwenye kuweka vitabu vya hospitali ni serikali. Mwenye kuajiri daktari, mwenye kuamua nani apimwe na nani asipimwe, mwenye kushika kalamu, ni serikali. Askari hakuwa na kalamu. Alikuwa na bunduki aliyopewa na amri aliyopewa. Basi ikiwa leo kitabu ni kitupu, utupu huo usihesabiwe kuwa kosa lake peke yake. Aliyeandaa safari ndiye abebe hasara ya mizigo iliyopotea njiani.

Tena, makosa mawili yanayoweza kutokea hayalingani uzito. Serikali ikimlipa asiyestahili, imepoteza fedha. Ni hasara, nasi hatuidharau, maana fedha za umma ni jasho la watu. Lakini ikimnyima anayestahili, yeye hupoteza kazi kwa sababu ya siku asizoweza kufika kazini, hupoteza nyumba, pengine hupoteza ndoa, na zaidi ya yote hupoteza imani kwamba neno lake lina thamani. Fedha zilizolipwa kwa makosa zaweza kudaiwa zirudishwe. Miaka kumi ya mtu aliyeitwa mwongo hairudishwi na mtu ye yote.

Hatusemi kwamba hakuna waongo. Wako, nao huwaibia wenzao walioumia kweli, kwa kuwa kila uongo unaogunduliwa humfanya karani amtazame kwa mashaka mtu wa kweli anayefuata. Mwongo achunguzwe, na akithibitishwa aadhibiwe; sheria ipo. Lakini kumwadhibu mwongo baada ya kumjua ni jambo moja, na kuwatendea wote kama waongo kabla ya kuwasikiliza ni jambo lingine. La kwanza ni ulinzi wa mali ya umma. La pili ni dhuluma iliyovaa nguo za uangalifu.

Ni vema pia tukumbuke kwamba haki hii ya kubisha haikuanguka kutoka mbinguni. Tangu mwaka 1864 hadi 1988 sheria ya Marekani haikumruhusu wakili kumtoza askari wa zamani zaidi ya dola 10 kwa kazi ya kumdaia haki yake. Zamani, wakati wa vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, sheria hiyo ilikusudiwa kumlinda askari asinyonywe. Lakini dola 10 za mwaka 1864 zilipokuwa bado dola 10 miaka mia moja baadaye, maana yake ilikuwa kwamba askari hana wakili. Wala hakuweza kuipeleka Wizara mahakamani. Neno la Wizara lilikuwa la mwisho. Ndipo mwaka 1988 ilipoundwa mahakama ya pekee kwa ajili ya rufani za askari wa zamani.

Hata juu ya kichwa kinachouma, kanuni ilikuwa ngumu. Mpaka Oktoba 2008, mtu aliyeumia kichwa akabaki na malalamiko ambayo yeye peke yake ndiye anayeyahisi, kama maumivu ya kichwa, kizunguzungu na kukosa usingizi, alipewa asilimia 10 ya ulemavu na si zaidi, hata kama alikuwa akigaagaa sakafuni. Maumivu yasiyoonekana yaliwekewa dari. Kanuni hiyo ilibadilishwa, na sasa kipandauso kilichotokana na jeraha la ubongo chaweza kupimwa peke yake. Na mwaka 2018 mahakama ya rufani iliyo juu ya ile ya askari ilihukumu kwamba maumivu yanayompunguzia mtu uwezo wake yaweza kuwa ulemavu, hata kama daktari hajapata jina la ugonjwa wa kuyaeleza. Mambo haya yote yalipatikana kwa sababu watu fulani waliokataliwa hawakukubali barua ya kwanza iwe ya mwisho.

Basi twarudi kwa askari wetu mwenye barua mkononi. Afanye nini? Tangu Februari 2019 milango iliyo mbele yake ni mitatu, naye amepewa mwaka mmoja tangu tarehe ya barua ili asipoteze tarehe ya dai lake la kwanza. Akiwa na ushahidi mpya unaohusika, aweza kupeleka dai la nyongeza. Akiona kwamba ushahidi ulitosha ila ulisomwa vibaya, aweza kuomba afisa wa juu zaidi alisome faili lilelile upya, bila kuongeza kitu. Au aweza kwenda mbele ya Bodi ya Rufani, ambako jaji hulitazama dai, na mdai aweza kuomba kusikilizwa kwa kinywa chake mwenyewe. Bodi ikimkatalia, ana siku 120 za kwenda katika ile mahakama iliyoundwa mwaka 1988. Wala si lazima atembee peke yake: viko vyama vya askari wa zamani, kama Disabled American Veterans kilichoanzishwa mwaka 1920, ambavyo huwasaidia wadai bila malipo.

Kabla ya kuchagua mlango, na aisome barua. Ndani yake mna sababu ya kukataliwa, na rufani njema hujibu sababu hiyo, haijibu hasira ya mdai. Kama kilichokosekana ni kiungo kati ya bomu la 2005 na maumivu ya leo, basi kinachotakiwa ni daktari atakayelisoma faili lote na kueleza kwa nini kiungo hicho kipo. Kama kilichokosekana ni habari za bomu lenyewe, na atafutwe mwenzake aliyekuwa katika lori lile, aandike alichokiona. Na kwa aliyeumia katika mapigano, sheria yakubali neno lake juu ya kuumia kwake, likipatana na hali ya vita vile, hata kama hakuna kitabu kilicholiandika.

Tena na aseme kweli yote kwa kipimo chake. Kanuni ya kupima kipandauso ina ngazi zake. Asilimia 10 ni kwa mashambulio yanayomlaza mtu chini kwa wastani wa mara moja katika miezi miwili. Asilimia 30 ni kwa mara moja kila mwezi. Asilimia 50, iliyo juu kabisa, ni kwa mashambulio ya mara nyingi sana, yanayomlaza mtu kabisa na kwa muda mrefu, hata kazi yake na riziki yake zikadhurika vikubwa. Mwaka 2025 tofauti hiyo kwa mtu asiye na wategemezi ilikuwa kama dola 175 kwa mwezi kwa ngazi ya kwanza, dola 537 kwa ya pili, na dola 1,102 kwa ya tatu. Mtu aona mara moja vishawishi viwili. Mmoja ni wa kuongeza chumvi, nao ni wizi. Wa pili ni wa kupunguza, kusema "kichwa huniuma kidogo" kwa sababu ya haya ya kiume, na huo nao ni uongo, ingawa watu huusifu. Dawa ya vishawishi vyote viwili ni moja: daftari. Kila shambulio liandikwe siku lilipokuja, lilidumu saa ngapi, lilimzuia kufanya nini. Daftari lililoandikwa kwa uaminifu halina haya wala tamaa.

Wala asione aibu kukata rufani. Wako watu wema wanaodhani kwamba mtu mnyenyekevu hupokea kila anachopewa na kushukuru kwa kila anachonyimwa. Mawazo hayo yachanganya mambo mawili. Anayeomba sadaka hana budi kungoja mapenzi ya mpaji. Anayedai deni hangoji mapenzi ya mtu, angoja haki. Fidia ya askari aliyeumia si sadaka. Ni sehemu ya mapatano ya siku ile alipoapa, nayo yalikuwa na pande mbili. Akidai kwa ukweli na kwa adabu, hawanyang'anyi wenzake kitu. Badala yake awanyoshea njia, maana kila rufani ya haki huwafundisha makarani kusoma faili linalofuata kwa macho mengine.

Neno letu la mwisho ni kwa jamaa za nyumbani. Sheria ile ya Marekani yakubali ushahidi wa watu wasio madaktari juu ya mambo wanayoyaona kwa macho yao. Mwaka 2006 mahakama ilisema kwamba kukosekana kwa hati za hospitali za wakati ule hakutoshi peke yake kuutupa ushahidi wa namna hiyo. Maana yake ni kwamba mke aliyefunga mapazia, mama aliyesikia mwanawe akitapika usiku, mtoto aliyefundishwa kutembea kwa ncha za vidole siku baba anapoumwa, wote hao ni mashahidi. Barua moja ya mke, iliyoandikwa kwa maneno ya kawaida, bila kutia chumvi, ikieleza alivyokuwa mumewe kabla ya kwenda na alivyorudi, yaweza kuisogeza mizani mpaka katikati. Na katikati, kama tulivyoona, yatosha.

Lakini ili mke awe shahidi, sharti kwanza awe ameamini. Mficha maradhi kilio humfichua. Walakini wengi huyaficha maradhi yao kwa sababu mara ya kwanza walipoyasema nyumbani walichekwa, au waliitwa wavivu. Ofisi ya serikali ina kanuni ya kuilazimisha impe mdai lile shaka lililobaki. Nyumba zetu hazina kanuni hiyo iliyoandikwa. Basi jioni ya leo, mtu wa nyumbani mwetu akisema kichwa chamwuma, nasi tusione kitu, tumwulize tangu lini, na wapi, na kwa kiasi gani. Kisha tusikilize mpaka amalize.